Nakala mbili za santuri moja: iliyochoka inapiga vizuri kuliko iliyo safi. Nibaki na ipi?

#1 RafuYaJuu
Habari wakuu. Rafu zimejaa, kwa hiyo nimeanza kupunguza santuri nilizo nazo mbili mbili. Nyingi hazina mjadala: moja imepinda, nyingine nzima, unajua ya kutoa. Jozi moja tu ya LP (santuri ndefu) ndiyo imenigomea.

Nakala A ni ya mwaka uleule muziki ulipotoka. Kava imepasuka mgongoni, na ukiishika sahani mshazari chini ya taa unaona michirizi midogo midogo kila mahali. Nakala B ilichapwa miaka mingi baadaye: inang'aa, kava imenyooka, hata mfuko wa ndani wa awali upo. Kwa macho, B inashinda.

Sasa zipige. Kwenye A besi inatembea, matoazi yanaisha taratibu, na kabla ya ubeti wa pili unasikia kabisa mwimbaji akivuta pumzi. Kwenye B kati ya wimbo na wimbo kuna utulivu mzuri, lakini muziki wenyewe umelala, na ile pumzi siisikii. Zote nimezisafisha kwa njia moja, sindano ni ileile.

Kwa nini iko hivyo? Na nyie mnapokuwa na nakala mbili mnaamua kwa kigezo gani?

#2 FundiSindano
Kabla ya kutafuta sababu za mbali, linganisha ukubwa wa sauti. Sahani mbili za muziki mmoja mara nyingi hazikukatwa, yaani hazikuchongwa mifereji yake, kwa kiwango kimoja. Moja ikizidi nyingine kwa desibeli 1 tu, sikio halisemi "hii ina sauti kubwa", linasema "hii ni nzuri". Punguza A mpaka zilingane, kisha mtu mwingine akubadilishie bila kukwambia ipi iko juu ya meza. Ukiendelea kuichagua A, hapo ndipo tuanze kuzungumza.

#3 MzeeWaLebo
Ndugu yangu, kava na mng'aro havitakwambia kitu. Tazama sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Pale kuna maandishi yamechongwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha sahani. Tuandikie yaliyopo pande zote mbili.

Maoni yangu ya awali: ni suala la tepu ya studio yenye muziki wa awali. A ilikatwa tepu ikiwa bado mpya. B inawezekana kabisa ilikatwa kutoka nakala ya tepu, au nakala ya nakala. Kila tepu inaponakiliwa mvumo unaongezeka na zile sauti nyembamba za juu zinafifia. Pumzi ya mwimbaji ndiyo ya kwanza kupotea.

#4 BintiMono
Mleta uzi, hujasema kama ni mono (sauti ya mkondo mmoja) au stirio (mikondo miwili, kushoto na kulia). Kama moja ni mono na nyingine ni stirio, hizo si nakala mbili, ni santuri mbili tofauti, na hupaswi kutoa hata moja. Miaka ya 1960 studio nyingi zilichanganya sauti mara mbili, moja kwa mono na moja kwa stirio. Mfano unaojulikana ni Sgt. Pepper ya The Beatles ya 1967: wimbo "She's Leaving Home" kwenye mono unakwenda kasi zaidi na noti zake ziko juu zaidi kuliko kwenye stirio. Mtu aliyetoa mono yake akisema "ninayo ya stirio" ametoa muziki ambao hana tena.

Kinyume chake, kuna zile stirio za kughushi: muziki wa mono uliogawanywa kwa vifaa vya umeme, besi upande huu, sauti za juu upande ule. Kampuni ya Capitol walikuwa na ya kwao wakiiita Duophonic. Nikiwa na mono safi na hiyo ya kugawanywa, sifikirii mara mbili.

#5 RafuYaJuu
Asanteni. Zote ni stirio ya kweli. Maandishi nimeyasoma kwa tochi: A namba yake inaishia na 1 pande zote. B inaishia na 4 upande wa kwanza na 6 upande wa pili. A ina pia tarakimu moja upande wa kushoto wa lebo na herufi mbili upande wa kulia, G na O. Zoezi la sauti nitalifanya mwisho wa wiki.

#6 Kijana33
Jibu si ndiyo hilo! 1 maana yake imetoka kwenye bamba la kwanza kabisa la kuchapia. Bamba bado jipya, mifereji mikali. Bakia na A, funga uzi.

#7 MzeeWaLebo
@Kijana33 taratibu, mjukuu wangu, uzi haufungwi haraka hivyo. Hiyo 1 haihesabu bamba la kuchapia. Inahesabu ukataji.

Mfuatano ni huu: mkataji anachonga muziki kwenye sahani ya laka. Laka inapakwa fedha, kisha nikeli, na kutoka humo linatoka bamba la kwanza lenye mifereji iliyopinduka. Bamba hilo linazaa "mama", ambaye mifereji yake iko sawa na unaweza hata kumpiga kwa sindano. Mama ndiye anayezaa mabamba ya kuchapia, na kila bamba linakandamiza sahani nyingi mpaka lichoke, ndipo linawekwa jingine. Kwa hiyo ukataji namba 1 unaweza kuwa umezaa mama kadhaa na mabamba mengi. Sahani mbili zinazoishia na 1 zinaweza kuwa mbali sana kwa ubora.

Kwa maelezo yako hiyo A inafanana na sahani za kampuni ya EMI za Uingereza. Wao tarakimu ya kushoto ni namba ya mama, na herufi za kulia ni namba ya bamba kwa msimbo wa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. G na O zikifuatana ni bamba la 15. Si la kwanza, ila bado ni la mapema.

#8 Kijana33
Huo msimbo sikuwahi kuusikia, asante mzee. Lakini hoja yangu bado imesimama: bamba la mapema, sahani nzuri.

#9 MzeeWaLebo
Inategemea, kijana. Bamba la 15 likiwa jipya linatoa sahani bora kuliko bamba la kwanza siku ya mwisho wa maisha yake. Namba inakwambia ukoo, haikwambii sahani yako ilikuwa ya ngapi kutoka kwenye mashine siku hiyo.

#10 FundiSindano
Naongeza kuhusu ile michirizi chini ya taa, kwa sababu hapa watu wengi wanatupa sahani nzuri.

Michirizi mingi inayoonekana imetokana na sahani kuingia na kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Iko juu, kwenye uso. Muziki uko ndani ya kuta za mfereji, na sindano haigusi uso wa juu kabisa. Kwa upande mwingine, sahani iliyopigwa na mkono mzito wa kipiga santuri wenye sindano iliyochakaa inaweza kung'aa vizuri huku kuta za mifereji zimesagika. Hiyo utaisikia, hutaiona: sauti za "s" zinakwaruza, tarumbeta inapasuka. Ndiyo maana mimi sahani siipi daraja kwa macho. Naipiga.

Na kuna hili: sindano ya mviringo na sindano yenye ncha nyembamba hazikanyagi sehemu moja ya ukuta. Kama A ilipigwa zamani kwa sindano za mviringo na wewe una ncha nyembamba, inawezekana unasoma sehemu ambayo haijaguswa bado. Ncha ya Shibata kwa mfano ilibuniwa kwa ajili ya sahani za chaneli nne za miaka ya 1970, na kazi yake ni kugusa ukuta kwa mstari mrefu zaidi.

#11 Sahani_Nzito
Nakala B ni gramu ngapi? Kama ni chini ya 180 usishangae imelala. Mimi nikiwa na mbili nabaki na nzito, siangalii kingine.

#12 BintiMono
@Sahani_Nzito kwa heshima, uzito hauongezi muziki. Kina cha mifereji hakitegemei unene wa sahani. Sahani nzito inakaa bapa vizuri na inatulia mezani, basi. Kampuni ya RCA walikuwa na sahani za Dynaflex nyembamba sana miaka ya 1970, watu waliicheka ikiyumba mkononi, na nyingine kati ya hizo zina utulivu wa ajabu.

Ila umegusa jambo. Kama A na B hazilingani unene, sindano inashuka kwa pembe tofauti kidogo kwenye kila moja. Mleta uzi alipanga mkono wake kwa sahani ipi? Inawezekana A inafaidi mpangilio tu.

#13 Sahani_Nzito
Sawa dada, lakini nzito inapendeza mkononi na hilo nalo lina nafasi yake. Nakusanya kwa mikono pia.

#14 Mhifadhi
Mimi ningemwelekeza kwa mkataji. Mkataji ndiye anayeamua besi iingie kiasi gani. Led Zeppelin II ya 1969 ilikatwa mwanzoni na Robert Ludwig, aliyeweka herufi RL karibu na lebo. Aliikata kwa nguvu kiasi kwamba sindano za vipiga santuri vya bei rahisi zilikuwa zikiruka. Ikakatwa upya kwa upole. Tepu moja, kampuni moja, na kati ya nakala yenye RL na isiyo nayo kuna pengo kubwa. Kwa hiyo mzee akisema tepu, mimi nasema mkono wa mtu.

Pia tuzingatie mashine. Mkataji lazima ajue mapema sauti kubwa inakuja ili atanue nafasi kati ya mifereji. Zamani tepu ilipita kwenye kichwa (kisoma tepu) cha kwanza cha kutazamia, halafu kinachofuata ndicho kilichopeleka muziki kwenye laka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu nyingi ziliweka kifaa cha kidijitali cha kuchelewesha sauti badala ya kile kichwa, na kilichochongwa ni ile sauti iliyopita humo. Kama B ni ya wakati huo, hiyo ni sababu nyingine.

#15 MzeeWaLebo
@Mhifadhi mkono wa mtu nakubali, lakini mtu naye anakata alicholetewa. Mpe Ludwig tepu iliyochakaa uone.

#16 DadaWaKava
Nyote mmezama kwenye mifereji, hakuna aliyejibu swali la pili. Mimi nafanya hivi: sahani bora naitia kwenye kava bora. A iingie kwenye kava ya B, sahani ya B itoke na kava iliyopasuka. Unabaki na kitu kimoja kizuri cha kusikiliza na kutazama.

#17 Mhifadhi
Hapana dada yangu, hilo siliungi mkono hata kidogo. Kava na sahani zilizotoka pamoja ni ushahidi. Ukitia sahani ya zamani kwenye kava ya miaka mingi baadaye, yenye msimbo pau mgongoni, umemchanganya kila atakayeishika baada yako. Ataandika tarehe ya uongo akiamini ni kweli. Kava iliyopasuka inagundishwa kwa karatasi isiyo na asidi, inavishwa mfuko wa plastiki, inaendelea kuishi.

#18 DadaWaKava
Mimi naziishi santuri zangu, sizitunzii makumbusho. Na kila ninapobadilisha naweka kikaratasi ndani: sahani imetoka wapi, kava imetoka wapi. Hapo nani amedanganywa?

#19 Mhifadhi
Kikaratasi kinaanguka siku ya kwanza mtu asiyejua akifungua. Lakini wewe angalau unaandika. Wengi hawaandiki.

#20 BintiMono
Naomba niseme langu kuhusu kuamua, nje ya ufundi.

Nina LP moja ya marehemu baba. Kwenye lebo ameandika jina lake kwa kalamu ya wino wa bluu, na pembeni ya wimbo wa tatu ameweka alama ya vema. Sahani hiyo imepigwa mpaka imechoka, wimbo wa tatu ndio umechoka kuliko yote. Nikapata nakala nyingine safi ya ukataji uleule. Ya baba inakaa, siipigi. Safi ndiyo ya kusikiliza. Mtu akija na kigezo chochote cha namba au gramu, ile alama ya vema haimo. Na sioni kwa nini nijitetee kwa kutunza mbili.

#21 Kijana33
Dada BintiMono, huo wimbo wa tatu uliuelewa baadaye kwa nini ameuwekea alama?

#22 BintiMono
Sijaambiwa na mtu. Naupenda nao.

#23 RafuYaJuu
Nimerudi na matokeo. Sauti nimezilinganisha, mdogo wangu amekaa kwenye meza, mimi nimegeukia ukuta. Upande wa kwanza nimeichagua A kila alipobadilisha, na pumzi ya mwimbaji bado iko kwenye A tu. @FundiSindano kweli A ilikuwa juu kidogo kwa sauti, ila si hilo peke yake.

@BintiMono mkono nimeupanga upya kwa unene wa kila moja. Tofauti imepungua, haijaisha.

Ila upande wa pili umenivuruga. Nyimbo mbili za mwanzo, A. Wimbo wa mwisho, B, tena kwa mbali. Kwenye A sauti ya kike ya kiitikio inapasuka kila inapopanda, na kinanda mwishoni kinayumba, noti inakwenda juu na kushuka. Kwenye B kimenyooka. Sasa nifanye nini?

#24 FundiSindano
Kupasuka kule mwishoni kunaeleweka. Sahani inazunguka kwa kasi ileile, mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini mzunguko unakuwa mfupi kadiri unavyokaribia lebo. Mwanzoni mwa LP kiasi cha sentimita 50 za mfereji zinapita chini ya sindano kila sekunde. Mwishoni ni kama 21. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyochakaa au iliyopangwa vibaya inasaga hapo kuliko kwingine kokote. Mwenye A wa awali aliipiga sana kwa kifaa kibovu.

#25 MzeeWaLebo
Au ilikatwa hivyo. Upande mrefu unalazimisha mifereji ifike karibu mno na lebo. Wakataji wa baadaye waliirekebisha kwa kupunguza sauti kidogo, ndiyo maana B ilifika ukataji wa 6 upande huo. RafuYaJuu, upande wa pili una dakika ngapi?

#26 RafuYaJuu
Dakika 24 na sekunde kadhaa.

#27 MzeeWaLebo
Ni mrefu huo. Nashikilia ukataji.

#28 FundiSindano
Nami nashikilia kuchakaa. Njia ya kupima: tafuta nakala ya tatu yenye ukataji wa 1 ambayo haikupigwa sana.

#29 DadaWaKava
Mtu amekuja kupunguza rafu, fundi anamwambia aongeze ya tatu 😂

#30 Mhifadhi
Kuhusu kinanda kuyumba, hilo si kuchakaa wala ukataji. Tundu la katikati halikutobolewa sawasawa. Tazama mkono ukiwa unapiga upande huo: kama unakwenda kulia na kushoto kila mzunguko, tundu limekaa pembeni. Linaonekana zaidi mwishoni kwa sababu mzunguko ni mdogo, na linasikika kwenye kinanda na filimbi, noti zinazokaa. Kwenye ngoma hulisikii. Na si lazima liwe kwenye nakala zote. Nakala kutoka bamba jingine inaweza kuwa sawa kabisa.

#31 RafuYaJuu
@Mhifadhi mkono unayumba, kweli, na upande wa pili tu. Kwa hiyo nina kasoro mbili zenye sababu mbili, na bado sijajua kwa nini upande wa kwanza wa B umelala.

#32 Msikivu
Mara nyingi nasoma tu, leo nichangie. Mfuko wa ndani wa awali wa B ni wa karatasi au plastiki? Kama ni plastiki laini ya PVC, uvae miwani uangalie kama uso una ukungu hafifu usiotoka hata ukiosha. PVC inatoa kemikali zake taratibu na kuacha utando juu ya sahani. Nina moja iliyokaa hivyo miaka mingi, inang'aa ukiiangalia moja kwa moja, lakini ikipigwa kuna mvumo mfululizo.

#33 RafuYaJuu
Ni karatasi yenye plastiki nyembamba ndani, inachakarika. Ukungu sioni. Na B haina mvumo, ni tulivu.

#34 Msikivu
Basi si hiyo. Lakini angalieni zenu wengine, hasa mifuko ya nje ya PVC. Polithini ndiyo salama.

#35 BintiMono
RafuYaJuu, kwa maelezo yako una upande wa kwanza kwenye A na upande wa pili kwenye B. Hiyo ni LP moja iliyokaa kwenye sahani mbili. Tunza zote, toa jozi nyingine. Mimi nina kadhaa za namna hiyo na nimeandika kwa penseli kwenye mfuko wa ndani: "piga upande huu".

#36 Sahani_Nzito
Rafu inabeba? LP mia moja zinapita kilo 20.

#37 RafuYaJuu
Inabeba. Nafasi ndiyo shida, si uzito. Nimeshatoa jozi kumi na kitu, naona hizi zitabaki zote kwa sasa. Penseli nimeipenda.

#38 Kijana33
Na zile mnazotoa mnazipeleka wapi? Mimi naanza tu, nina chache, hata yenye michirizi kwangu ni sherehe.

#39 DadaWaKava
Nitumie ujumbe wa faragha. Nina nakala za pili safi, zinahitaji mtu wa kuzipiga. Zitakuja na vikaratasi vyake 😊

#40 Msikivu
Nichomekee swali: sheria hizi zinafanya kazi kwa sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika? Nimerithi sanduku, nyingi ziko mbili mbili, na zimejaa vumbi jeusi. Nilifikiria kuzisafisha kwa spiriti.

#41 FundiSindano
Usithubutu! Za 78 nyingi ni shelaki (utomvu mgumu), na alkoholi inaiyeyusha. Maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kitambaa, lebo isilowe, zikaushe upesi. Na usizipige kwa sindano ya LP. Mfereji wake ni mpana, ncha inatakiwa iwe karibu mara tatu kwa upana, ama sivyo sindano inazama chini kwenye vumbi.

#42 MzeeWaLebo
Na kwa hizo usitoe ya pili haraka. Shelaki inavunjika. Kila jozi ikiwa na moja yenye ufa na moja nzima, tunza nzima na upige picha lebo zote mbili kabla ya kuamua. Soma namba za karibu na lebo: kwenye 78 mwanamuziki aliweza kurekodi wimbo uleule mara mbili au tatu, na kampuni ikatoa rekodi tofauti kwa namba ileile ya katalogi. Ukiona namba ya mwisho pale haifanani, hizo ni rekodi mbili. Tuandikie hapa kabla hujatoa hata moja.